Mwendo Usizidi Mwanga: Maneno kwa Madereva wa Bodaboda wa Usiku, Tanga

(Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya madereva wa bodaboda, wamiliki wa pikipiki na familia zao. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini jioni ile.)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Vijana wangu, habari za jioni.

Mwenyekiti wa vijiwe, viongozi mliofika, wamiliki wa pikipiki, na nyinyi akina mama mlioacha mapishi mkaja kukaa nasi, ahsanteni. Nawaona wengine huko nyuma mmekaa juu ya pikipiki zenu, funguo mkononi, mnasubiri simu ya mteja. Siwalaumu. Kazi ni kazi. Naomba tu simu ikilia uongee kwa sauti ya chini, kwa sababu nitakayoyasema yanahusu hiyohiyo safari unayoitiwa.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni umeme wa pikipiki: taa, nyaya, koili, betri. Pikipiki zinafika gereji kwangu kwa njia mbili. Ziko zinazoendeshwa na wenyewe, na ziko zinazoshushwa kutoka kwenye kirikuu, uma umepinda, tangi limebonyea, mara nyingine damu imekaukia kwenye siti. Hizi za kirikuu ndizo zilizonisimamisha hapa leo. Ikishushwa, kabla sijauliza kitu, nageuza swichi ya taa. Nataka kujua kama taa ilikuwa inawaka. Na kama ilikuwa inawaka, ilikuwa inamulika wapi? Barabarani, au juu kwenye minazi?

Ndugu zangu, nina jambo moja tu. Usiku, mwendo usizidi mwanga. Nitalirudia mpaka mchoke, mnivumilie.

Niwaulize swali. Taa yako, ukiwa umeweka dimu, yaani taa ya chini, inakuonyesha mbele mita ngapi? Nani anajua? Mkono juu. Haya, mikono ni michache. Basi tuambizane. Pikipiki zetu nyingi zinatumia balbu ya wati 35. Ikiwa nzima, kioo kisafi, imeelekezwa vizuri, mtu aliyesimama gizani na nguo nyeusi utamwona akiwa mita kama 40 mbele yako. Balbu ikichoka au kioo kikiwa na vumbi, toa hapo mita zako 10 au zaidi.

Sasa tuje kwenye mwendo. Chukua kilomita 60 kwa saa. Wengi wenu mnauona mdogo huo. Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Jicho likiona kitu, mpaka akili itambue ni nini, mpaka vidole na mguu vifike kwenye breki, imeshapita sekunde moja na nusu. Hizo ni mita 25, na breki bado hujaigusa. Ndipo unaanza kushika. Lami kavu, tairi nzima, breki zote mbili, unahitaji mita nyingine 23 hivi. Jumla mita 48. Taa yako imekuonyesha mita 40. Hizo nane zilizobaki, mwanangu, utazimalizia wapi? Utazimalizia ndani ya kitu ulichokiona.

Ukienda 80 unahitaji zaidi ya mita 70. Hesabu hiyo sina haja ya kuimaliza.

Ukienda 50 je? Kuona na kufikiri ni mita 21, breki ni mita 16. Jumla 37. Umesimama ndani ya mwanga wako, na mita chache umebakiza. Sheria yetu inasema 50 ndiyo mwisho kwenye makazi ya watu. Mchana tunaifuata kwa kumwogopa afande mwenye tochi ya kupimia mwendo. Usiku, hata afande akiwa amekwenda kulala, hiyo 50 imewekwa na taa yako mwenyewe.

Nawapa kisa. Kuna kijana alikuwa anatoka Tanga anakwenda Muheza, saa 4 usiku, peke yake, hana abiria. Ameipita Pongwe, barabara nyeupe, lami nzuri, anatembea 80. Mbele akaona majani. Nyote mnajua majani barabarani maana yake nini: gari bovu liko mbele, dereva hana pembetatu, amekata matawi akayatandaza. Yule kijana alijua pia. Alishika breki zote mbili palepale. Mbele ya matawi palikuwa na semi-trela imesimama, haina taa hata moja nyuma, hata ile rifleta nyekundu imefunikwa na tope. Waliokwenda asubuhi waliniambia alama ya tairi ilianzia kwenye matawi ikaishia chini ya trela.

Yuko hai, alhamdulillahi. Mguu wa kulia una vyuma. Pikipiki yake ililetwa kwangu. Nikageuza swichi: taa inawaka, tena vizuri. Nikapima breki: zinashika. Tairi bado zina meno. Alipopata nafuu akaja na magongo yake, akaniuliza, "Fundi, kilichoharibika kilikuwa nini?" Nikamwambia ukweli. Hakuna kilichoharibika. Ulikwenda mahali ambapo mwanga wako ulikuwa haujafika.

Mwenye trela ana makosa yake, tena makubwa, na ningekuwa na uwezo ningewaita madereva wa malori wote wakae hapa mbele niwaambie. Lakini leo nazungumza na nyinyi, kwa sababu mnaokufa ni nyinyi. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023: watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na katika kila 100, kama 21 walikuwa juu ya vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu. Sisi hao. Bodaboda na bajaji.

Sasa kuna anayejisemea moyoni, "Fundi, si nitawasha fulu?" Washa. Barabara ikiwa tupu, washa fulu, uone mbali. Lakini barabara ya Segera usiku iko tupu saa ngapi? Malori hayakatiki. Gari linakuja na fulu yake, na wewe una yako. Hapo watu wengi hufanya nini? Wanajibizana. Yeye hashushi, na mimi sishushi, tuone nani mkali. Jamani! Hapo barabarani wamekuwa watu wawili wasioona, wanakwenda uso kwa uso, na mmoja wao amekalia tani 30.

Fanya hivi. Shusha taa yako wewe kwanza. Achia mafuta. Halafu macho yapeleke kushoto, kwenye mstari mweupe wa pembeni, au kama mstari umefutika, kwenye ukingo wa lami. Usiitazame ile taa. Itazame kando mpaka gari lipite. Na likishapita usikimbilie kuongeza mafuta, maana jicho lililopigwa mwanga halirudi mara moja. Linataka sekunde kadhaa. Sekunde tatu tu, kwa mwendo wa 60, ni mita 50 unazotembea kama umefumba macho. Na nyuma ya gari lililopita ndipo anapokuwa mzee wa watu na baiskeli yake, magunia mawili ya mkaa, hana taa wala kioo. Huu ni mji wa baiskeli. Baba zetu wamezeeka juu ya baiskeli. Usiku wapo barabarani na sisi.

Wazee wangu mnaoendesha bado, niwaambie kwa heshima zote: jicho linazeeka. Mtu wa miaka 60 anahitaji mwanga kama mara tatu ya ule anaohitaji kijana wa miaka 20 ili aone sawasawa naye. Kijana akienda 50, mzee aende 35, na asione haya. Na kijana anayeona giza linamzidi kila siku, anagonga vitu vilivyo wazi, aende akapimwe macho. Wakati mwingine ni upungufu wa vitamini A, na dawa yake iko sokoni: ini, dagaa, mchicha, maembe, papai.

Halafu iko saa ya magharibi. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Ukitoka mjini kuelekea Muheza jioni jua liko usoni kwako, linashuka upande wa milima ya Usambara. Dakika 20 baadaye ni usiku. Jicho linataka nusu saa hivi kulizoea giza vizuri. Yaani usiku umefika na jicho lako bado liko mchana. Ndiyo saa watu wanatoka kazini, watoto wanatumwa dukani, waumini wanakwenda msikitini. Wengi hamuwashi taa saa hiyo, mnasema bado naona. Wewe unaona. Unaonekana?

Na hapo ndipo penye jambo la pili. Kuonekana.

Sikilizeni vizuri. Gari lina taa mbili. Mtu akiliona kwa mbali, anaona zile taa zinavyoachana kadiri gari linavyosogea, na akili yake inajua: linakuja haraka, liko karibu. Pikipiki ina taa moja. Taa moja haiachani na kitu. Dereva anayetaka kukata kona Kange anaiona taa yako, haikatai, lakini hajui uko mita 200 au 60, hajui unakuja na 30 au na 80. Anakadiria. Akikosea, yeye anabadilisha bampa. Kwa hiyo ukimwona amesimama kwenye makutano, pua ya gari imeshajitokeza, usijiambie "ameniona". Achia mafuta, weka vidole kwenye breki, mpaka uhakikishe.

Na tatizo hilohilo linatugeukia. Malori chongo mnayajua? Lori lenye taa moja. Kuna dereva wa bodaboda, mtu mzima, makini sana, alikuwa anarudi kutoka Horohoro usiku. Mbele yake ikaja taa moja. Akajua ni pikipiki mwenzake. Akakaa katikati ya upande wake kama kawaida, karibu kidogo na mstari wa kati, kwa sababu pembeni lami ilikuwa imemegeka. Ile taa ilikuwa ya upande wa kushoto wa lori. Ya kulia, ile inayokaa katikati ya barabara, ndiyo ilikuwa imekufa. Mnaelewa maana yake? Mwili mzima wa lori ulikuwa upande wake yeye wa ile taa, gizani. Aliuona alipofika. Alijitupa kushoto, kioo cha lori kikaondoka na kioo chake na ngozi ya mkono. Mkono ule aliunyoosha mbele yangu. Kovu linaanzia kwenye kiwiko, linafika kwenye saa.

Kwa hiyo, taa moja ikija usiku, ihesabu ni lori mpaka ipite. Kaa kushoto. Kila mara. Hata kama mara tisini na tisa ni pikipiki kweli.

Nije kwenye rifleta. Wengi mmevaa, nawaona, nawapongeza. Lakini hizi zenu zimefubaa. Ile rangi ya njano au ya machungwa ni ya mchana. Usiku kinachofanya kazi ni zile riboni za fedha, zinazorudisha mwanga wa taa kwa aliyeimulika. Zikiwa nzima, dereva anaziona zaidi ya mita 100. Zikishapukutika, umevaa kitambaa tu. Na sasa niulizeni: ukimpakia abiria, mgongo wako uko wapi? Umefunikwa! Amekaa dada wa watu nyuma, amevaa buibui jeusi, kutoka kichwani mpaka miguuni. Rifleta yako inamwangazia yeye kifuani. Anayekuja nyuma haoni kitu, anaona giza linatembea, na taa ndogo nyekundu ikiwa bahati ipo.

Mimi nawaomba kitu kidogo sana. Ule utepe unaong'aa, unaouzwa kwenye maduka ya vipuri, nunua kipande. Bandika nyuma ya helmeti yako na nyuma ya helmeti ya abiria. Bandika kwenye keria, kwenye madigadi ya nyuma, na kipande kimoja kila upande wa uma, ili anayetokea kichochoroni Makorora akuone ubavuni pia. Na hilo buibui, mwambie dada alikunje alikalie vizuri kabla hujaondoka. Mchana likianguka unaliona. Usiku hulioni mpaka limeshaingia kwenye cheni.

Kuhusu taa zenyewe, hapa niruhusuni nikae kidogo, ndiyo kazi yangu.

Hewa yetu ina chumvi ya bahari. Ukifungua kichwa cha taa cha pikipiki inayolala Sahare au Mwambani, chomoa soketi ya balbu uitazame kwa tochi: kuna ukungu wa kijani kwenye vile vipande vya shaba. Hiyo ni kutu, inakula njia ya umeme. Balbu nzima, betri nzima, lakini taa inawaka kama kibatari, na mwenyewe ananunua balbu mpya kila mwezi. Kwangua kwa msasa laini, pitisha grisi kidogo, bana vizuri. Angalia na waya wa arthi pale unapofungwa kwenye fremu. Kazi ya robo saa.

Pikipiki zetu nyingi, hasa za zamani kidogo, taa ya mbele inalishwa na injini moja kwa moja, haitoki kwenye betri. Ndiyo maana ukiwa sailensa, hujavuta mafuta, taa inafifia, ukivuta mafuta inang'aa. Sasa kuna watu, ili kuokoa petroli, wakifika mteremko wanazima injini wanaachia frii. Usiku! Injini ikizima, na taa imezima. Unateremka gizani na abiria mgongoni kwa ajili ya petroli isiyojaza kifuniko cha chupa. Tuache hilo. Tuache kabisa.

Na hizi taa kali nyeupe za LED mnazozifunga mbele, mbili, nne, nimeona hata sita. Siyakatai mahitaji yenu. Mnataka kuona, na nyingine ni nzuri. Ila zimefungwa zinatazama machoni mwa watu. Yule unayempofusha anakuja upande wako. Akishindwa kuona njia, atamgonga nani? Kama umezifunga, ziinamishe, na ziwe na swichi yake, uzizime ukikutana na mtu.

Hata ile taa ya kawaida inapofusha, na wengi hamjui kwa nini. Umeipima peke yako, ikakaa vizuri. Ukampakia abiria wa kilo 80 na kiroba cha mchele. Nyuma imeshuka, mbele imenyanyuka, na taa imepanda juu. Sasa inamulika minazi, dereva wa mbele anakutukana, na wewe barabarani huoni kitu. Kwa hiyo taa ya bodaboda ipimwe abiria akiwa amekaa. Simama mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo. Washa dimu. Sehemu yenye mwanga mkali ikae chini ya alama, sentimita 5 mpaka 10. Ikiwa juu, legeza bolti za kichwa cha taa, inamisha, kaza. Hutoi hata senti.

Na kioo cha helmeti. Kile cheusi ni cha jua, usiku kiinue au kitoe. Kile cheupe kikishachubuka, kila taa inayokuja inatawanyika usoni mwako. Kioshe kwa maji na sabuni, kisikwanguliwe kwa rifleta yenye mchanga kama ninavyowaona mkifanya.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi, nalo ni usingizi. Wamiliki wa pikipiki, naomba mnisikilize na nyinyi, maana hili tunalibeba pamoja.

Kijana anaamka saa 11 alfajiri awahi abiria wa mabasi Kange. Anapiga kazi mchana kutwa. Saa 4 usiku bado yuko kijiweni, kwa sababu hesabu ya bosi, ile fedha anayompelekea mwenye pikipiki, haijatimia, na ya nyumbani hajaianza. Amekaa macho masaa 17. Wataalamu walishalipima hili: mtu aliyekaa macho masaa 17 anaendesha kama mtu aliyekunywa mpaka kilevi kikafika asilimia 0.05 kwenye damu. Hajanywa hata tone. Mcha Mungu, ametoka kuswali isha. Lakini mikono yake na macho yake ni ya mlevi. Na kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 11 alfajiri mwili wenyewe unadai kulala, hata kama mchana ulilala kidogo.

Wapo wanaotafuna mirungi, wapo wanaokunywa vile vinywaji vya makopo. Vinakuondolea ile hali ya kusikia usingizi. Usingizi wenyewe vinauacha palepale, unasubiri. Ukija, unakuja kwa sekunde mbili tatu, macho wazi.

Mabosi zangu, mwambieni kijana: siku ukiona hesabu haitimii, lete ulichopata, tutamalizia kesho. Mseme kwa mdomo wenu, asikie. Kijana wa mkataba anaogopa kunyang'anywa pikipiki kuliko anavyoogopa trela. Nani kamfundisha hivyo? Pikipiki iliyokuja kwangu kwenye kirikuu hailipi hesabu miezi mitatu. Na mama wa kijana hatawaomba pikipiki nyingine.

Nawasimulia kisa cha abiria mmoja, nami ningetamani abiria wote wa Tanga wawe kama yeye. Mama wa makamo, alikuwa anatoka msibani njia ya Pangani, amechukua bodaboda saa 9 usiku arudi mjini. Mnajua ile barabara, kila kipande kinachopata lami kinakaribisha mwendo, na taa za barabarani hakuna. Walipoukaribia Tongoni akaona kofia ya dereva inashuka kidogo kidogo, halafu inanyanyuka ghafla. Mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili akamshika bega, akamwambia, "Mwanangu, simama, nataka kushuka." Kijana akasimama akidhani mama anahitaji kujisaidia. Mama akakaa kwenye benchi la kibanda kilichofungwa, akamwambia, "Njoo ulale hapa. Mimi sina haraka." Kijana akakataa, akaona aibu. Mama akatoa nauli yote, akaiweka mkononi mwake, akamwambia, "Nimeshakulipa, sasa lala." Alilala palepale, kichwa juu ya helmeti, mpaka adhana ya alfajiri. Mama amekaa macho, anamlinda yeye na pikipiki.

Abiria mliopo, mnayo haki hiyo. Mwambie dereva apunguze mwendo. Ukimwona anasinzia, shuka. Usimwambie "kimbiza nachelewa" halafu kesho ukalaumu bodaboda. Na mshikaki, watu watatu wanne usiku, mama na watoto wawili katikati, tuukatae wote wawili, anayebeba na anayebebwa. Helmeti ukipewa ivae, ufunge mkanda wa kidevuni. Mnasema inanuka, inaharibu nywele. Vaa kilemba chembamba chini yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja, uliotolewa mwaka 2008 na Cochrane, ulikuta helmeti inapunguza kufa kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Isiyofungwa mkanda inatangulia kuruka kabla yako.

Najua kuna mtu ana swali, na amelibana tangu nilipoanza. "Fundi, unatuambia twende 50, 40. Usiku kuna wakabaji. Ukienda taratibu unakabwa." Ni kweli kuna wenzetu waliotoka na abiria hawakurudi, na pikipiki haikuonekana. Sidharau woga huo. Lakini tufikiri pamoja. Wakabaji wanatumia nini? Wanafunga kamba, wanalaza gogo au jiwe barabarani. Kamba ukiifuata na 80 inakufanya nini, na ukiifuata na 40 unaionaje? Anayekwenda ndani ya mwanga wake analiona gogo, anageuza, anaondoka. Na mara nyingi zaidi mkabaji umempakia mwenyewe, amekaa nyuma yako. Mwendo hautakusaidia kwa mtu uliyembeba.

Ulinzi wako uko kijiweni kabla hujaondoka. Abiria usiyemjua, anataka umpeleke barabara za ndani kwenye mkonge saa 7 usiku: mwambie mwenzako kwa sauti, abiria akiwa anasikia, "Nampeleka huyu mahali fulani, nikifika nakupigia." Mwenzako amwangalie usoni, amsalimie. Usipopiga, wenzako wakufuate wawili wawili. Na ukiwa na shaka, kataa safari. Hakuna kijiwe kitakachokucheka, na kikikucheka, hamia kijiwe kingine.

Liko jambo la mwisho, la wajawazito na wagonjwa, maana usiku nyinyi ndio mnaogongewa mlango. Uchungu umeanza, mume anatetemeka, anakwambia kimbia hospitali ya Bombo. Kwanza piga 115, namba ya m-mama, haina malipo, ni ya kuwapatia usafiri wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Gari likiweza kufika, mama apande gari. Likishindikana na ni lazima umbebe wewe, basi safari hiyo ndiyo uende taratibu kuliko zote. Mume asipande. Apande mwanamke mwenzake nyuma yake amshike, mume apande pikipiki nyingine, atangulie mbele kidogo, taa yake iwasaidie kuona matuta. Hao watatu juu ya chombo kimoja si mshikaki wa mchezo, ni dharura, na hata hivyo mwendo usizidi mwanga. Dakika tano unazookoa kwa kukimbia zinapotea zote kwenye tuta moja usiloliona.

Ndugu zangu, yangu ndiyo hayo. Ukuta wa uani tumeshauchora mstari wa chaki, na mita 5 tumeziweka alama chini kwa mawe. Vijana wangu wawili wako pale na spana, msasa na grisi. Leteni pikipiki moja moja, waanze wanaoingia kazini usiku huu, na kila mmoja aje na mtu wa kukaa nyuma. Utepe upo pia, wa kutosha helmeti mbili mbili. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.